Malindi kwa gari na miwani ya kuzamia: jinsi ya kupanga likizo kwa kufuata maji

Anayetaka kisiwa na utulivu peke yake, aende Lamu. Gari ataliacha Mokowe, avuke kwa boti, na ng'ambo ya pili usafiri wake utakuwa miguu, punda na mashua. Lakini anayetaka kutazama matumbawe asubuhi, na jioni awe anaendesha gari kwenda magofuni, msituni au korongoni, mahali pake ni Malindi. Kutoka mjini, karibu kila kinachotajwa hapa kiko ndani ya mwendo wa saa moja au zaidi kidogo.

Kinachoharibu likizo nyingi za huku ni ratiba iliyopangwa mbali na bahari. Mtu yuko Nairobi, analipia boti ya Jumamosi saa tatu asubuhi. Akifika anakuta maji yamejaa pomoni, au yamekuwa mekundu kwa tope, au kusi linavuma na nahodha mwenyewe hana hamu ya kutoka. Basi tunaanza na bahari, gari litafuata.

Hatua ya 1: Chagua msimu

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi. Bahari hutulia, jua huwa kali, na bei za nyumba hupanda, hasa wiki ya Krismasi. Kusi hushika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na kati ya Juni na Agosti mawimbi ya nje ya mwamba huwa makubwa. Katikati ya pepo hizi mbili kuna vipindi ambapo upepo hulegea. Ukiweza kuchagua, njoo Februari, Machi au Oktoba. Aprili na Mei ni masika, na barabara zote za udongo zilizotajwa hapa chini huwa taabu tupu.

Kuna jambo moja ambalo matangazo ya hoteli hayakwambii. Mto Sabaki huingia baharini kaskazini kidogo tu mwa mji. Mto huo ndio Athi, ule unaoanzia upande wa Nairobi, ukapita Ukambani, ukaitwa Galana baada ya kukutana na Tsavo, kisha Sabaki ukikaribia pwani. Mvua ikinyesha huko juu, udongo wa bara huja kumwagika hapa. Wakati wa kusi, maji hayo mekundu husukumwa kaskazini, upande wa Mambrui. Kaskazi likianza, husukumwa kusini, yaani juu ya Malindi yenyewe. Ndiyo maana vuli ya Novemba ikiwa kubwa, unaweza kukuta Desemba jua linawaka, upepo mzuri, na ukiwa majini huoni mkono wako.

Dawa yake ni rahisi. Usilipie boti kabla hujaenda ufukweni kuyatazama maji kwa macho yako. Yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa, washa gari uende Watamu, ambako tope la Sabaki hufika kwa nadra. Gede iko kilomita 16 hivi kusini mwa Malindi, na kutoka Gede hadi Watamu ni kilomita 6 au 7 tu.

Hatua ya 2: Soma mwezi kabla ya saa

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na tofauti huweza kuwa mita 1 hivi.

Sasa shika hili, kwa sababu ndilo litakalopanga wiki yako. Katika pwani hii, siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa sita mchana, na hujaa alasiri. Siku za maji mafu ni kinyume: asubuhi ya saa nne au saa tano maji yamejaa, na kupwa kwake ni alfajiri na jioni.

Kutazama matumbawe kwa mrija hufaa zaidi maji yanapokuwa madogo. Mwamba wa nje unakuwa umejitokeza na kuvunja mawimbi, ndani kunatulia, na matumbawe yako karibu na macho. Ingia majini saa moja na nusu kabla ya kupwa kabisa, utoke maji yanapoanza kurudi kwa nguvu. Usingoje saa ya tatu na ya nne baada ya kupwa, maana ndipo maji huingia kwa kasi kuliko wakati wote na mkondo kwenye milango ya mwamba humchosha hata mwogeleaji hodari.

Kwa hiyo, siku nzuri kabisa ni kuanzia mwezi unapoandama au kuwa mpevu, hadi siku nne au tano baadaye: maji yanapwa kati ya saa nne na saa nane mchana, na jua liko juu. Kuna tahadhari moja. Siku ya kilele cha bamvua, maji hukauka kiasi kwamba vichwa vya matumbawe hubaki karibu na uso, boti hazipiti kila mahali, na mapezi uliyovaa miguuni yatavunja vitu. Siku hiyo ingia mapema zaidi, maji yakiwa bado yanashuka, au uende kwenye mafungu ya mchanga ya Mayungu, kati ya Malindi na Watamu. Mafungu haya hujitokeza maji yakipwa, na kwa bamvua ndipo yanapokuwa mapana.

Siku za maji mafu ziachie gari na Mida, mkono wa bahari wenye mikoko karibu na Gede. Saa kamili chukua katika jedwali la maji la Kilindini, Mombasa. Tofauti yake na Malindi ni dakika chache. Au uliza mvuvi yeyote mtu mzima: "Shikamoo mzee, leo maji yanapwa saa ngapi?" Atakujibu bila kutazama simu.

Hatua ya 3: Gari

Kwa barabara kutoka Mombasa ni kilomita 120 hivi kupitia Mtwapa na Kilifi. Foleni ya Mtwapa ndiyo hula muda, kwa hiyo toka Mombasa kabla ya saa kumi na mbili asubuhi au subiri saa nne. Wanaokuja kwa treni ya SGR hushukia Miritini, nao huongeza safari ya kuvuka mji kabla hata ya kuanza kuelekea kaskazini. Malindi ina uwanja wa ndege wenye safari za kutoka Nairobi, na ukitoka hapo mji uko karibu sana.

Gari dogo linatosha kwa lami yote: Malindi, Gede, Watamu, Mambrui. Ukitaka Marafa au njia za ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, chukua gari lililoinuka, na kama kumenyesha, liwe la kuvuta magurudumu manne.

Kabla hujatia sahihi:

- Uliza bima ni ya gari la kukodisha au la binafsi. Gari la mtu lenye bima ya binafsi, likikodishwa na kugonga, bima inaweza kukataa kulipa, nawe ndiye utakayeshikwa.
- Uliza ni kiasi gani utalipa mwenyewe kabla bima haijaingia, na kiandikwe.
- Toa tairi la akiba ulikague kwa mkono. Jeki iwepo na spana iingie kwenye nati za gurudumu hilo hilo. Pembetatu mbili za tahadhari na kizima moto viwepo, maana polisi wa barabarani huviulizia.
- Tazama chini ya gari na ndani ya milango. Kutu ya chumvi huanzia huko, na breki zinazokwaruza ukianza mwendo ni dalili ya gari lililoegeshwa ufukweni muda mrefu.
- Piga video gari lote, pamoja na kipimo cha mafuta na kilomita.

Barabarani, hatari si mwendo wa lori. Ni matuta yasiyopakwa rangi, mbuzi, na bodaboda inayokata kulia bila ishara. Kwenye senta mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Usiku usiendeshe nje ya mji kama huna lazima.

Na usiendeshe ufukweni. Mchanga mkavu wa juu hunasa, na ule mgumu wa chini ni wa bahari: maji yakigeuka una chini ya saa moja. Ukinasa kwenye njia ya mchanga msituni, usikanyage mafuta, maana gurudumu litajichimbia kaburi. Punguza upepo wa tairi hadi psi 20 hivi, fukua mbele ya magurudumu, weka matawi makavu, toka polepole kwa gia ya pili, kisha jaza upepo kabla ya kurudi lami. Pampu ndogo ya kuchomeka garini ni lazima iwemo.

Hatua ya 4: Miwani, mrija, mapezi

Vifaa vya kukodi ufukweni vipo, lakini miwani ni kama kiatu: isiyokutosha haina dawa. Nunua yako. Ijaribu hivi: iweke usoni bila kuvuta mkanda, vuta pumzi kwa pua, achia mikono. Ikibaki imeng'ang'ania, ni yako. Ikianguka, rudisha. Maji yanayoingia mara nyingi huletwa na unywele uliokwama chini ya mpira, au masharubu (paka vaselini kidogo juu ya mdomo), au mkanda uliokazwa mno. Watu hukaza wakidhani wanaziba, kumbe mpira unajipinda na kufungua njia. Mkanda ukae juu ya masikio, nyuma ya kichwa.

Miwani mpya ina utando wa kiwandani, nayo hufanya ukungu hata uteme mate kiasi gani. Isugue ndani kwa dawa ya meno nyeupe isiyo ya jeli, mara mbili tatu, uisuuze. Baada ya hapo mate yanatosha: tema, sambaza, chovya mara moja, vaa.

Jizoeze mahali maji yanapofika kiunoni. Kwanza pumua kwa mdomo uso ukiwa majini mpaka moyo utulie. Kisha ingiza maji kidogo kwenye miwani makusudi, inua uso kidogo, bonyeza ukingo wa juu, toa pumzi kwa pua: maji hutokea chini. Kisha zamisha mrija na kuupuliza kwa pumzi moja fupi yenye nguvu. Asiyeweza mambo haya matatu hapo kiunoni asipande boti siku hiyo. Si aibu, bahari ipo kesho.

Mapezi huvaliwa ukiwa tayari majini. Ukilazimika kutembea nayo, rudi kinyumenyume. Piga kutoka kwenye nyonga, goti lilegee kidogo tu.

Jua la mgongoni ndilo litakalokulaza kitandani. Vaa fulana ya mikono mirefu na suruali nyepesi ya kubana. Ni bora kuliko mafuta ya jua, ambayo mengine yana kemikali zinazodhuru matumbawe, na ni stara pia. Wanawake wengi wa hapa huogelea wamejifunika, na hakuna atakayekutazama mara mbili.

Hatua ya 5: Siku ya boti

Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, na ni miongoni mwa kongwe kabisa barani Afrika. Ya Malindi ina ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, huko Casuarina, kusini mwa mji. Ada ya kuingia hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, si kwa pesa taslimu. Beba kitambulisho upate bei ya raia, na ulipe ukiwa bado nyumbani kwenye intaneti nzuri. Risiti ihifadhi kama picha.

Boti ni malipo mengine. Mabichiboi watakuwahi kwa Kiitaliano, halafu Kiingereza. Jibu kwa Kiswahili na bei huanza kushuka yenyewe. Uliza mambo manne: bei ni ya boti nzima au ya kichwa? Ada ya KWS imo? Vifaa vimo? Tutakaa majini saa ngapi, si saa ngapi za safari nzima? Malipo yote yasitangulie. Nusu ya M-Pesa inatosha, nyingine mkirudi.

Kabla ya kupanda hesabu majaketi ya kuokoa maisha, moja kwa kila mtu, na ya watoto yawe ya saizi yao. Tazama kama kuna kasia au injini ya akiba. Nahodha mzuri hufunga boti kwenye boya, hatupi nanga juu ya matumbawe. Akitoa mkate kulisha samaki, mwombe aache. Samaki wataacha kula mwani unaosonga matumbawe, na wengine huanza kung'ata vidole.

Majini mkae wawili wawili. Anza kuogelea dhidi ya mkondo, ili ukichoka ukurudishe botini. Usisimame juu ya chochote kisicho mchanga: tumbawe ni kiumbe hai, na ulichodhani ni jiwe kinaweza kuwa samaki-jiwe, mwenye miiba ya sumu. Utaona samaki wa kila aina: vitatange, kangaja, pono wakitafuna tumbawe kwa mlio unaosikika, na mara nyingine kasa kwenye majani ya bahari. Kasa mwache apande kupumua. Ukimfukuza anazama bila hewa. Makombe na matumbawe hayatoki hifadhini, hata yaliyokufa.

Mambo yakienda vibaya:

Mikwaruzo ya matumbawe ioshwe mapema kwa maji safi na sabuni, maana huoza haraka kwa joto hili. Mwiba wa wale wanyama weusi wa baharini, wa mviringo na wenye miiba mirefu, usiuchimbue kwa sindano, kwa kuwa hukatikia ndani. Loweka mguu kwenye maji ya moto. Wazee wa pwani hupaka utomvu wa papai bichi. Ukikanyaga samaki-jiwe, maumivu hayatakuacha na shaka: maji ya moto kadiri ngozi inavyostahimili bila kuungua, mguu ukae humo, na gari lielekee hospitali ya Malindi wakati huohuo. Konyeza, yule mnyama laini kama jeli, akikuchoma, suuza kwa maji ya bahari, usisugue.

Chupa za plastiki za kutumia mara moja ni marufuku katika hifadhi, fukwe na misitu ya taifa tangu Juni 2020. Beba chupa ya chuma.

Hatua ya 6: Siku za gari

*Kusini, siku ya maji mafu.* Kula mahamri na mbaazi mjini saa kumi na mbili na nusu, kisha uende Gede kabla ya jua kuwaka. Mji huu wa mawe uliachwa katika karne ya 17, ulitangazwa eneo la kihistoria mwaka 1927, na mwaka 2024 UNESCO ikauingiza kwenye Urithi wa Dunia. Tembea polepole kwenye kasri na msikiti mkuu, utazame visima na mifereji ya maji. Chukua mwongozaji wa hapo. Bila yeye utaona kuta tu. Kima watakuja. Mfuko wa chakula ubaki garini, vioo vikiwa vimefungwa.

Kutoka hapo hadi Mida ni karibu, na kwa kuwa ni maji mafu, saa nne au saa tano mkono wa bahari umejaa: panda mtumbwi katikati ya mikoko. Anayependa ndege aje maji yanapoingia nusu, ndipo ndege wa matopeni husogezwa karibu na daraja la mbao. Usiogelee kwenye mlango wa Mida, mkondo wake ni mkali. Mchana kula Dabaso, kaa mbichi wa mikokoni akipikwa mbele yako, au samaki wa kupaka.

Alasiri ingia Arabuko-Sokoke, kituo cha Gede. Ni takriban kilomita za mraba 420 za msitu wa pwani, na humo ndimo anamoishi panya-tembo mwenye matako ya rangi ya dhahabu, mnyama mdogo wa pua ndefu, ambaye karibu hapatikani kwingine duniani. Asiyetembea na mwongozaji hamwoni. Kuna tembo pia, kwa hiyo usishuke garini ovyo.

*Kaskazini, siku yoyote kavu.* Jaza tangi Malindi. Vuka daraja la Sabaki, nenda Mambrui kwanza: mji mkongwe, kaburi la mnara, vilima vya mchanga. Vaa kwa heshima. Mwenye muda aendelee hadi Ngomeni, kwenye kituo cha San Marco ambako Waitaliano walirusha setilaiti. Iliyoitwa Uhuru ilipaa hapo tarehe 12 Desemba 1970. Utaona majukwaa baharini kwa mbali tu, kwa hiyo usiende ukitegemea makumbusho.

Kisha rudi karibu na daraja la Sabaki ushike njia ya Marikebuni hadi Marafa, kiasi cha kilomita 40 kutoka Malindi. Korongo la Nyari, ambalo wenyeji husimulia kwamba ni mahali familia ya tajiri iliyokuwa ikiogea maziwa ilipodidimia, linasimamiwa na jamii ya hapo. Lipa getini, chukua kijana wa kukushusha. Mchana chini kule ni tanuri. Fika saa tisa na nusu, shuka saa kumi jua likiwa limeinama, ndipo mchanga mweupe, waridi na mwekundu unapotengana. Viatu vya kufunga, lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu. Ukitaka kungoja jua lizame, panga dereva anayeijua njia. Unayeendesha mwenyewe, ondoka saa kumi na mbili kasoro robo.

*Mjini, jioni yoyote.* Nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika Malindi mwaka 1498, iko kwenye ncha ya miamba, na kuifikia kwa miguu ni dakika chache. Egesha gari mbali na mawimbi. Baada ya hapo ni viazi karai na bhajia mji mkongwe, au aiskrimu ya Waitaliano, ambayo kwa kweli wanaijua.

Hatua ya 7: Kabla ya kurudisha gari

Suuza miwani na mapezi kwa maji baridi ya mvua au ya bomba, yakauke kivulini. Kung'uta mazulia ya gari. Mchanga ndani ya gari ndicho kisingizio cha kwanza cha kukata dhamana. Peleka gari wanaoosha hadi chini kwa maji ya shinikizo, wala usikubali ya kisima chenye chumvi: uliza maji yanatoka wapi, yaonje kwa ncha ya ulimi. Jaza mafuta hadi alama ile ile ya kwenye video, piga nyingine mbele ya mwenye gari, na dhamana irudi kwa M-Pesa mkiwa bado mmesimama hapo.